Kiti cha Mgonjwa katika Nchi ya Upepeto

Waliofika Upepeto ni wachache, na waliorudi wakataka kusimulia ni wachache zaidi. Nyamizi Kapela alifika, akarudi, akasimulia, na kila alipoulizwa alisimulia vile vile, bila kutia chumvi. Njia hakupenda kuieleza. Alisema alikwenda kama waendavyo wote, kwa kuwa hakubakiwa na pengine pa kulipeleka swali lake.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Nyamizi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu usichana wake aliishi na kifafa. Alianguka jikoni, alianguka kanisani, alianguka mbele ya darasa, hata wanafunzi wakazoea kumlaza ubavu na kumsubiri azinduke. Kisha ikaja dawa iliyoitwa tulizo. Daktari wa kwao alimwandikia bila kusita, maana Upepeto walikuwa wamekwisha kuamua kwamba tulizo ndiyo dawa ya kifafa, na katika nchi zote za jirani hakuna aliyebishana na Upepeto. Nyamizi akaimeza, na kuanguka kukakoma. Nyumbani walichinja kuku.

Lakini baada ya muda maneno yakaanza kumtoroka. Alisimama ubaoni akijua kabisa anachotaka kusema, akafungua kinywa, na neno halikuwepo. Hakulisahau kama mtu anavyosahau. Alihisi mahali lilipokuwa limekaa, pakiwa patupu. Siku moja alishindwa kumwita mtoto aliyemfundisha tangu darasa la kwanza. Siku nyingine alishindwa kutaja kitu anachokaangia mayai. Alipomweleza daktari, daktari alimwuliza jambo moja tu: kama ameanguka tangu aanze dawa. Nyamizi akasema hapana. Basi dawa inafanya kazi, mwalimu, akaambiwa, na akatoka pale akijiuliza kama ni dawa au ni akili yake yenyewe inayochakaa. Hakuna aliyeweza kumjibu. Ndipo alipoamua kuwafuata wenyewe walioamua.

Alikwenda na hasira zake. Kichwani aliwaona wazee wenye majoho wakikata mashauri ya watu huku wakinywa chai, na alikuwa na maneno makali ya kuwaambia, kama hayangemtoroka. Aliyoyakuta yalimnyang'anya hasira hizo kabla hajapata wa kumwagia.

Jumba la Kupepeta lilikuwa refu kiasi kwamba aliyesimama mlangoni hakuuona ukuta wa mwisho. Aliona mwanga tu ukififia. Kutoka sakafuni hadi darini palipangwa vikapu. Kila kikapu kilikuwa utafiti mmoja uliofanywa mahali fulani duniani, na kila punje ndani yake ilikuwa mtu mmoja aliyekubali kujaribiwa dawa ili ijulikane kama inafaa. Aliyempokea Nyamizi na kumweleza hayo alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Sihaba, Msimamizi wa Wageni, mwenye funguo nyingi kiunoni na sauti ya chini kama ya mtu aliye makaburini. Alichukua punje moja, akamwekea kiganjani.

"Isogeze sikioni, mgeni wetu."

Nyamizi akaisogeza. Punje ikasema, kwa sauti ya mwanamume aliyechoka: Kikohozi kimepungua. Kisha ikanyamaza. Akaisogeza tena, ikasema yale yale.

Bi Sihaba alimweleza kwamba punje husema lile tu ililoulizwa siku ilipochukuliwa, wala haiongezi. Nyamizi alitazama juu, vikapu juu ya vikapu, akafikiri jinsi watu wote wale walivyolala vitandani wakiumwa, wakakubali kuhesabiwa kwa ajili ya watu wasiowajua, na yeye akiwa mmojawapo wa wasiojulikana hao. Alitafuta ukuta akaegemea, na Bi Sihaba akamwacha aegemee, kwani wageni wengi hufanya hivyo.

Katikati, kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, wapepetaji walikuwa kazini. Walikuwa wanazuoni wake kwa waume, na nyungo zao zilikuwa kubwa kiasi cha kushikwa na watu wawili wawili. Walimimina kikapu, wakapepeta, wakasikiliza, wakapepeta tena. Kikapu kilichojazwa na mfanyabiashara wa dawa, akichagua zile punje zinazomsifia tu na kuzificha nyingine, kilijulikana upesi: kiliporushwa juu kikawa chepesi, kikapeperuka chote, makapi matupu, yakatoka nje kupitia madirishani. Kila asubuhi, kabla ya kugusa ungo, mpepetaji alisimama mlangoni akataja kwa sauti alikula wapi jana na kwa mkono wa nani. Asubuhi ile mwanazuoni mmoja alisema amekunywa chai kwa mjomba wake, na mjomba huuza dawa za kifua. Vikapu vilivyokuwa sakafuni vilikuwa vya kifua. Mtu yule akavua aproni, akaenda kukaa nje, na hakuna aliyemcheka wala kumpongeza. Nyamizi alimfuata kwa macho mpaka alipotoweka. Kwao hakuwahi kuona mkubwa akijitoa mwenyewe mahali kwa sababu ya kikombe cha chai.

Basi alipoona yote hayo, akakiona na kiti.

Kilikuwa pembeni mwa sakafu, kimechongwa vizuri mno, na mto wa mahameli mwekundu. Hakikuwa na mtu. Bi Sihaba alikiinamia kidogo alipopita, akasema hicho ndicho Kiti cha Mgonjwa, fahari ya Upepeto. Kwa sheria ya nchi hakuna hukumu ya dawa yoyote inayopitishwa bila mgonjwa kuwa kitini. Nchi nyingine, alisema, zinaamua juu ya wagonjwa bila wao. Upepeto walikwisha kuacha ushamba huo.

Nyamizi alifurahi kusikia hivyo, akauliza ni nani huketi hapo. Hapo ndipo alipoanza kuzijua sheria nyingine.

Sheria ya pili ilisema kwamba yeyote aingiaye ukumbini lazima awe na afya njema iliyothibitishwa, asije akakohoa juu ya punje au kuzimia katikati ya hoja. Sheria ya kwanza ilitaka mgonjwa na ya pili ilitaka mzima, na wazee wa Upepeto hawakuona ugomvi kati ya hizo mbili. Walimtafuta mtu anayezitimiza zote, wakampata Bwana Ndelwa, aliyewahi kuugua mafua makali alipokuwa shule na akapona kabisa. Alipewa cheo cha Mgonjwa wa Taifa. Aliwakilisha vidonda, kisukari, uzazi na wazimu, na kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa kila kikao na kusema, Wagonjwa wanashukuru. Aliisema vizuri sana, kwa unyenyekevu, hata wengine walitokwa na machozi. Kiti chenyewe kilijadiliwa vikao vitatu mfululizo: kiwe na mikono au kisiwe nayo, kitazame baraza au kitazame vikapu, mto wake uwe mwekundu au kijani. Hakuna mwaka uliopita bila jambo la kiti kuwa katika ajenda.

"Na leo yuko wapi huyo Bwana Ndelwa?" Nyamizi aliuliza.

Bi Sihaba akashusha pumzi. Bwana Ndelwa alikuwa mgonjwa. Ameshikwa na figo, na kwa kuwa sasa anaumwa kwelikweli hawezi tena kuruhusiwa kuingia. Alikuwa ameandika kuomba aje aseme mambo mawili matatu aliyoyagundua tangu alazwe, lakini sheria ni sheria.

Wagonjwa wengine, wale wasio na cheo, walikuwa nje. Bi Sihaba alimwonyesha kupitia dirishani, naye akasema kwa fahari kwamba hakuna anayewazuia kusikiliza. Walikaa kwenye mikeka chini ya madirisha, wengi kuliko alivyotarajia, na kwa kuwa madirisha yale ndiyo yaliyotoa makapi, makapi yaliwaangukia vichwani na mabegani. Walijipangusa bila kusema kitu. Walionekana wamekwisha kuzoea.

Ikawa kwamba katika siku zile baraza lilikuwa limepanga kuipitia upya hukumu ya tulizo, maana vikapu vipya vilikuwa vimewasili, na bila mtu kitini kikao kisingehalalika. Bi Sihaba aliposikia Nyamizi ana kifafa, na kwamba hajaanguka tangu aanze dawa, alisimama akamtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Alikuwa na mgonjwa asiyeumwa. Alimpeleka kwa mganga wa mlangoni, ambaye alimwuliza kama anaanguka, akasikia hapana, akamgongea muhuri wa afya njema mkononi.

Kabla ya kumwingiza, Bi Sihaba alimwelekeza mwenendo. Wanazuoni watasema kwanza, kwa lugha yao. Kisha kengele italia mara moja, na hapo mgonjwa anaweza kusema. Kengele ikilia mara ya pili naye yuko kimya, atahesabiwa amekubali. Wengi huona ni vizuri zaidi kukubali, alisema, kwa sababu kiti kile kinafaa kukalia lakini hakifai kusemea. Mikono yake ni mirefu mno. Na kama mgonjwa hajui la kusema, basi lile neno la kushukuru linatosha siku zote.

Mwenye kengele alikuwa Mzee Kundasi, Mpepetaji Mkuu, mrefu, mkavu, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Yeye ndiye aliyeipitisha hukumu ya kwanza ya tulizo, na watu walimstahi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipepeta kwa haraka. Nyamizi alimwamkia, naye akaitikia kwa upole bila kumtazama sana.

Kikao kikaanza. Vikapu vya kifafa vikamiminwa, vya zamani na vipya, mlima wa punje uliomzidi mtu kimo. Wapepetaji wakafanya kazi yao, na Nyamizi akiwa amekaa kwenye mahameli aliwatazama kwa mshangao ule ule wa mwanzo, maana hawakudanganya hata mara moja. Walizitupa hata punje zilizoisifia tulizo pale zilipokuwa zimechukuliwa vibaya. Kisha Mzee Kundasi akainua mkono, wote wakanyamaza, na punje zikaachwa ziseme pamoja. Nimeanguka. Sijaanguka. Sijaanguka. Sijaanguka. Nimeanguka mara moja. Sijaanguka. Sauti za watoto, za wazee, za watu wa nchi asizozijua, zikajaa ukumbini kama mvua juu ya bati. Nyamizi alihisi nywele zikimsimama. Watu hao wote walikuwa ndugu zake. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa na jamaa wakubwa hivyo.

Mzee Kundasi akasema kwamba punje zimesema, na kwamba tulizo inasimama. Akagonga kengele mara moja.

Nyamizi akainuka. Alikuwa amepanga vizuri. Angesema jina lake, kisha kazi yake, kisha aeleze jinsi maneno yanavyomtoroka na kwa nini mtu wa kazi kama yake hawezi kuishi hivyo. Alisema jina lake. Akasema, "Mimi ni," na neno likaondoka.

Alilisubiri. Alijua vumbi la chaki, alijua sauti ya watoto wakisema shikamoo kwa pamoja, alijua harufu ya sare zilizonyeshewa. Neno la kazi yenyewe halikuja. Wanazuoni walimtazama kwa adabu. Karani akakohoa kidogo, akatazama kengele, kwani muda wake ulikuwa umefika na kupita.

Mkono wa Mzee Kundasi ulikuwa juu ya kengele. Haukushuka. Nyamizi alipokuja kusimulia alisema kwamba hilo ndilo lililomwokoa, na kwamba hata leo hajui mzee yule aliona nini usoni mwake. Sheria ilimtaka agonge. Hakugonga.

"Tunakungoja, binti yangu," alisema.

"Ni wale," Nyamizi akasema polepole, "wale wanaosimama mbele ya watoto. Wanawafundisha kusoma."

Kisha kutoka nje, chini ya dirisha la makapi, sauti ya mwanamke ikasema, "Mwalimu." Na dirisha la pili likasema, na la tatu, si kwa kelele, kama watu wanaoitikia sala. "Mwalimu." Walikuwa wamelitambua pengo lile. Walikuwa wakimeza tulizo, na kila mmoja wao alikuwa na pengo lake.

"Mwalimu," Nyamizi akasema. "Mimi ni mwalimu. Na hayo ndiyo niliyotoka mbali kuja kuwauliza. Ni dawa, au ni mimi?"

Mzee Kundasi hakumjibu yeye. Aliwageukia wapepetaji akawaambia waziulize punje kuhusu maneno.

Wakaziuliza. Walizunguka ule mlima wote, wakaziinua kwa viganja, wakaweka masikio, wakauliza kwa kunong'ona na kwa sauti. Zile punje zilizokuwa zimeujaza ukumbi zilikaa kimya kabisa. Hapakuwa na hata moja iliyojibu. Katika vikapu vyote vya kifafa vilivyowahi kuletwa Upepeto, vya zamani na vya jana, hakuna mtu aliyewahi kuulizwa kama maneno yake bado yapo. Nyamizi alisema kimya kile kilimtisha kuliko sauti zilivyomtisha. Mpepetaji mmoja, mwanamke mwenye mvi, alikuwa amepiga magoti na punje sikioni, na aliendelea kuishikilia hapo muda mrefu baada ya wenzake kuacha.

Wengine wakaanza kusema kwamba basi tulizo iondolewe. Na pengine ingeondolewa siku ile ile, maana baraza lililotahayari huwa na haraka, kama si mtu mwingine kusema kutoka dirishani. Aliitwa Luhende, mhunzi wa zamani, na nusu ya uso wake ilikuwa imeungua hata sikio halikuonekana.

"Jamani msiiondoe," alisema. "Mimi nilianguka motoni. Maneno na yaende yote, sina haja nayo, lakini moto siurudii."

Nyamizi akageuka kumtazama. Mpaka dakika ile alikuwa akidhani anasema kwa niaba ya wagonjwa wote. Alisimama pale mbele ya kiti chake cha mahameli, akaelewa kwamba anayoyataka yeye na anayoyataka yule bwana si mamoja, na kwamba hakuna kati yao aliyekosea. Akalisema hilo kwa sauti, kwa maneno aliyoyapata. Akasema hajui yeye mwenyewe angechagua nini kama uso wake ungekuwa ule.

Wakajadiliana mpaka mchana ukainama. Yako mengi yaliyosemwa ambayo Nyamizi hakuyaelewa, na mengine aliyoyaelewa lakini hakuyakubali. Mwanazuoni mmoja alidai kwamba maneno hayapimiki. Mwingine akamjibu kwamba kuanguka nako hakukupimika mpaka mtu alipoamua kuhesabu. Luhende, akiwa ameegemea dirisha kwa viwiko, aliulizwa maswali na akajibu, na hakuna aliyekumbuka kwamba sheria haikuruhusu dirisha kuulizwa.

Katika Upepeto kuna hukumu tatu. Inafaa, Haifai, na ile ya tatu ambayo hutolewa kwa nadra, kwa sababu inaliaibisha baraza zima. Mzee Kundasi alivua kofia yake. Wapepetaji walipomwona wakavua aproni. Wakasogea wote madirishani, wakasimama wakiwatazama watu waliokaa kwenye mikeka, na Mpepetaji Mkuu akasema kwamba tulizo inazuia kuanguka, hilo wanalijua. Kuhusu inachokichukua kwa mtu, na kama kinachobaki kinamtosha kuishi, akasema, "Hatujui. Hatukuuliza."

Wakarudia wote, ukumbi mzima, kwa sauti moja ya chini: Hatujui. Hatukuuliza.

Nyamizi alitarajia watu wa nje wakasirike. Alikuwa amesafiri njia yote ile kutafuta jibu, na ameambiwa hakuna. Lakini aliona kitu ambacho hakukitarajia. Mama mmoja mtu mzima, mwembamba, aliyekaa karibu na dirisha la kwanza, aliweka viganja viwili usoni, akasema taratibu, "Kumbe si mimi." Jirani yake akamshika bega. Neno lile likapita mkeka kwa mkeka, na Nyamizi aliona migongo ikilegea, kama watu waliotuliwa mizigo. Miaka yote ile walikuwa wameambiwa dawa haina kosa, nao wakabaki wakijishuku wao. Yeye mwenyewe alilia, akiwa amesimama, bila kujificha.

Ukumbini, wakati huo huo, kazi ya serikali iliendelea. Kamati iliundwa papo hapo kuirekebisha sheria ya pili. Ilipendekeza kwamba atakayeketi kitini sasa awe anaumwa, ila aumwe kwa kiasi, na kiasi hicho kiamuliwe na jopo la watu wazima wa afya. Pendekezo jingine lilikuwa Bwana Ndelwa aruhusiwe kuleta maoni yake endapo atayatuma kabla hajazidiwa. Bi Sihaba aliyaandika yote kwa mwandiko mzuri. Nyamizi hakucheka. Alisema ni watu wale wale waliovua aproni muda mfupi uliopita, na kwamba waliyafanya yote mawili kwa moyo ule ule.

Mzee Kundasi hakuketi katika kamati hiyo. Alichukua kigoda, akatoka nacho kwa lango kubwa, na Bi Sihaba akamfuata akipekua kichwani sheria gani inahusu jambo hilo, asiione. Mzee akaenda kukaa chini ya madirisha, makapi yakimwangukia, akawauliza watu swali moja: wangependa wahesabiwe nini. Wa kwanza alisema usingizi. Wa pili alisema ndoa yake. Yule mama mwembamba alisema angependa mtu ahesabu siku anazoweza kupika bila kuangaliwa. Kijana aliyekuwa akisoma alisema hesabu, kisha akaeleza kwamba ana maana somo la hesabu, watu wakacheka, na mzee naye akacheka kidogo. Mambo mengine hakuyaelewa, akaomba yarudiwe, na yaliporudiwa bado hakuyaelewa, akaomba tena. Nyamizi alikaa karibu, akimsaidia pale mtu alipokuwa akizunguka kulitafuta neno, kwa kuwa alijua kuzunguka kule kunavyokwenda.

Watu walipopungua, alimwuliza mzee jambo lake mwenyewe. Arudi kwao afanye nini?

"Sijui, mwalimu," alisema Mzee Kundasi. "Umetusikia wote tukisema. Ila kaa na daktari wako, mwambie tumesema hatujui. Mkiona vema mpunguze, kidogo kidogo, usiache ghafla. Na usikae karibu na maji peke yako."

Luhende, aliyekuwa amekuja kukaa nao, alimtazama kwa jicho lake zima.

"Kwa nini maji, mzee? Watu wote husema moto. Wakiniona mimi, wote husema moto."

Katika Upepeto ni mwiko mpepetaji kuleta msiba wake kwenye punje, na wengi huizoea sheria hiyo hata nje ya ukumbi, hata nyumbani kwao.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema mzee hatimaye. "Tungu. Alikuwa akiimba tangu anaamka mpaka analala, hata mama akimwomba apumzike. Alitumwa maji, akaangukia kisimani. Si kisima kirefu. Mtu mzima angesimama." Akapangusa makapi magotini, ingawa hayakuwa mengi. "Kila punje inayosema sijaanguka, huwa namsikia yeye. Ndiyo maana sikuuliza kingine. Sikuona kingine cha kuuliza."

"Hukuwahi kuwaambia wenzako?" Nyamizi aliuliza.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Luhende hakusema pole. Alisogea kwenye mkeka wake mpaka pakapatikana nafasi ya mtu, akapapiga kwa kiganja, na Mpepetaji Mkuu wa Upepeto akaacha kigoda chake akashuka akakaa chini pamoja nao. Kisha Luhende akamwuliza Tungu alikuwa akiimba nini, na mzee, baada ya kukwama mara mbili, akaanza kuwaeleza.

Nyamizi aliondoka kesho yake. Aliporudi kwao, yeye na daktari wake waliipunguza tulizo kidogo kidogo, na maneno mengi yamerudi, si yote. Huanguka mara moja moja. Maji hayateki peke yake. Hufuatana na mtu, na mtu huyo akitaka kujua sababu, humsimulia habari za Tungu.